MFUPA WA JICHO UKIVUNJIKA, NANI ALIPE BAMBA?

Katika ukurasa huu mara nyingi twazungumza juu ya mishahara, saa za kazi na nyumba. Leo twataka kuzungumza juu ya mfupa mmoja mwembamba ulio chini ya jicho la kila mmoja wetu, juu ya bamba dogo liwezalo kushika mahali pa mfupa huo ukivunjika, na juu ya swali linalofuata kila mara: nani alilipe bamba hilo?

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya madaktari, si ya chama. Sisi hatukubali. Jicho ni chombo cha kwanza cha kazi. Dereva, utingo, mwashi, fundi wa kuchomelea na mpasua kokoto wote huuza nguvu za mikono yao, lakini mikono huongozwa na macho. Mtu akipoteza macho mawili yenye kutazama pamoja, amepoteza kazi hata kama mikono yake ni mizima.

Twaandika tukiwafikiria kwanza ndugu zetu wa Taru. Taru iko katika Kaunti ya Kwale, lakini si Kwale ya minazi na hoteli. Iko nyikani, kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, baina ya Samburu na Mackinnon Road. Aendaye Diani kupumzika haioni, bali dereva wa lori aijua sana. Malori hupita usiku na mchana, na palipo na malori pana utingo, pana mafundi wa magurudumu, pana wachomeleaji, pana vijana wa bodaboda. Na palipo na ujenzi pana wenye kupasua mawe kwa nyundo.

Kazi zote hizi zina pigo lake. Mpira wa kufungia mzigo hukatika ukamrudia yule aliyeuvuta. Mkono wa jeki huruka. Gurudumu lililojazwa upepo kupita kiasi hupasuka likarusha ringi la chuma. Kipande cha jiwe huruka kutoka chini ya nyundo. Bodaboda huanguka, na uso ndio unaofika chini kwanza. Mapigo haya yakifika kwenye jicho, mara nyingi watu hutazama kitu kimoja tu: je, jicho limepasuka? Likiwa halikupasuka, husema "Mungu ni mwema," wakamrudisha mtu kazini. Hapo ndipo taabu inapoanza.

JICHO LIMEKAAJE

Jicho limekaa ndani ya tundu lililojengwa kwa mifupa saba. Ukingo wa mbele wa tundu hilo, ambao waweza kuupapasa kwa kidole, ni mnene na mgumu. Lakini sakafu yake ni nyembamba sana, kiasi cha nusu milimita mahali pengine, na ukuta wa upande wa pua ni mwembamba kuliko hata sakafu. Chini ya sakafu hiyo mna uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa taya la juu. Basi pigo likija, ukingo waweza kubaki mzima, na sakafu ikavunjika na kuangukia uwazini. Mafuta yanayolishika jicho huteremka pamoja nayo, na misuli inayolizungusha jicho huweza kunaswa katika ufa.

Mwaka 1957 madaktari wawili wa Marekani, Byron Smith na William Regan, waliandika jinsi walivyolijaribu jambo hili. Waliweka mpira mgumu juu ya jicho la maiti, wakaupiga kwa nyundo. Sakafu ya tundu ikavunjika, na ukingo ukabaki vile vile. Madaktari wengine wameonyesha kwamba hata pigo la ukingo peke yake laweza kuipinda sakafu mpaka ikavunjika. Kwa mfanyakazi njia zote mbili ni sawa: mfupa umevunjika mahali ambapo macho ya watu hayafiki.

Hatari ya mvunjiko huu ni kwamba hudanganya. Siku za kwanza uso umevimba, na uvimbe hulisukuma jicho lisionekane kudidimia. Uvimbe ukishuka, wiki ya pili au ya tatu, jicho hurudi nyuma na chini. Mtu huanza kuona vitu viwili viwili. Dereva aonaye malori mawili mahali pa moja hawezi kuendesha. Mwashi aonaye tofali mbili hawezi kujenga ukuta ulionyoka. Na tajiri, ambaye kwa siku hizo zote ameambiwa kwamba jicho ni zima, husema, "Huyu amekuwa mvivu."

DALILI ZA KUJUA

Kila mwanachama azijue dalili hizi, na kila katibu wa tawi azibandike ukutani. Baada ya pigo la uso: kuona vitu viwili, hasa ukitazama juu au chini, jicho kushindwa kufuata kidole, ganzi katika shavu, mdomo wa juu na meno ya juu upande ule ule, jicho moja kukaa ndani au chini kuliko la pili, damu puani upande ule. Mwenye dalili moja ya hizi asiridhike na dawa ya maumivu peke yake. Aombe atazamwe na daktari wa macho, na aombe skani ya CT, maana picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi haiuonyeshi mvunjiko huu.

Mambo mawili hayangoji kabisa. La kwanza: jicho likizidi kuuma, likawa gumu na kusukumwa nje, na nuru ikapungua, huenda damu imejaa nyuma yake. Jicho la namna hiyo laweza kupofuka kwa muda wa saa chache tu. Mtu huyo asingoje asubuhi, wala asingoje lori la kumpa nafasi. La pili: mtoto au kijana aliyepigwa, jicho lake likaonekana jeupe na halina uvimbe mwingi, lakini hawezi kutazama juu, na akijaribu hutapika au huona kizunguzungu. Mfupa wa kijana hupinda ukajifunga kama mtego, ukaubana msuli. Huyo ahitaji kupasuliwa upesi, ndani ya siku moja au mbili, la sivyo msuli utakufa.

Na neno moja dogo lenye faida kubwa: mwenye kuvunjika hapo asipenge kamasi. Hewa ya puani hupita kwenye ufa ikaingia ndani ya tundu la jicho, ikaleta uvimbe na hata ugonjwa wa usaha.

BAMBA LENYEWE NI NINI

Si kila mvunjiko huhitaji kisu. Twasema hivi waziwazi ili mtu asije akadai kupasuliwa bila sababu. Ufa mdogo usionasa msuli hupona wenyewe, na daktari humtazama mgonjwa kwa wiki moja au mbili uvimbe upungue. Lakini ikiwa kuona viwili hakuondoki, au jicho limedidimia zaidi ya milimita 2, au shimo limechukua nusu ya sakafu au zaidi, basi kwa kawaida madaktari hushauri kupasua, na kwa mtu mzima hupenda iwe ndani ya wiki mbili hivi, kabla kovu halijaganda.

Kazi ya daktari ni kama kazi ya fundi anayeezua dari iliyoanguka. Hupita ndani ya kope la chini, huinua mafuta na msuli ulioteremka, kisha huweka kitu cha kuyashika mahali pa sakafu iliyovunjika. Zamani kitu hicho kilikuwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe, uliokatwa nyongani, ubavuni au katika fuvu la kichwa. Mfupa huo haununuliwi, wala mwili hauukatai. Lakini mgonjwa hupata kidonda cha pili, kazi huchukua muda mrefu zaidi, na mfupa uliopandikizwa huweza kuliwa na mwili kidogo kidogo, jicho likarudi chini. Mpaka leo bado hutumika, na mahali pasipo na kitu kingine ni njia ya heshima.

Ndipo vikaja vipandikizi vya kutengenezwa. Baadhi ya madaktari walitumia shiti za silikoni na za nailoni. Silikoni ni laini na ni rahisi kuikata, ila haishikamani na mwili. Yaweza kuhama au kutoka hata baada ya miaka mingi. Ikaja plastiki ya polithini yenye vitundu vidogo vidogo, ambamo nyama ya mwili hukua ikaishika. Lakini katika skani haionekani vizuri. Yako mabamba ambayo mwili huyayeyusha baada ya miezi, nayo hufaa kwa mashimo madogo. Na uko wavu wa titaniamu, madini mepesi yasiyoshika kutu, ambayo mwili huyavumilia. Wavu huu hukatwa na kukunjwa kwa umbo la sakafu, hufungwa kwa skrubu ndogo, hushika hata shimo kubwa, na katika skani huonekana dhahiri. Ubaya wake ni kwamba kingo zake ni kali, na nyama hushikamana nao hata kuutoa kukawa kazi. Siku hizi mahali penye mashine za kuchapa maumbo, madaktari hupima jicho zima la upande wa pili wakatengeneza bamba la kulingana nalo.

Hakuna kipandikizi kisicho na hatari. Usaha waweza kuingia. Bamba laweza kukaa vibaya na kubana msuli. Mara chache sana mtu hupoteza nuru kwa sababu ya kisu chenyewe, ndiyo maana baada ya upasuaji wauguzi humpima mgonjwa nuru ya jicho tena na tena. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa haya yote kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi. Lakini kazi hii ikifanywa kwa wakati wake na mikono iliyozoea, humrudisha mtu kwenye usukani, kwenye ngazi na kwenye nyundo.

TITANIAMU NA WATU WA KWALE

Hapa sisi wa Kwale yafaa tusimame kidogo. Titaniamu si neno geni kwetu. Mgodi wa Base Titanium, huko Nguluku na Maumba katika upande wa Msambweni, ulianza kusafirisha shehena zake kutoka Likoni mwaka 2014, na kazi ya kuchimba ikamalizika mwisho wa mwaka 2024. Kwa muda wa miaka kumi hivi mchanga wenye ilmeniti na rutili, ambayo ni mawe ya titaniamu, ulipita mbele ya macho yetu kwenda ng'ambo. Sehemu kubwa ya madini hayo ulimwenguni hugeuzwa kuwa unga mweupe wa kutia katika rangi za nyumba, karatasi na plastiki. Sehemu ndogo tu hufanywa chuma cha ndege, cha mitambo na cha madaktari.

Hatusemi kwamba bamba fulani lilitoka Nguluku. Twasema kwamba wafanyakazi wa kaunti iliyotoa titaniamu wana haki ya kujua kwamba titaniamu hushika jicho, na kwamba wakivunjika wasiambiwe hiyo ni dawa ya matajiri.

DENI SI LETU

Sasa twarudi kwenye swali letu. Mtu akivunjika, desturi yetu ni mchango. Wenzake huzungusha daftari, huyu atoa mia, yule atoa mia mbili. Ni desturi njema na hatutaki ife. Lakini fedha za mchango huja polepole, na mfupa hauna subira. Wiki mbili zapita, kovu laganda, na kazi ambayo ingekuwa nyepesi yawa nzito. Tena mchango hulificha jambo moja kubwa: kwa mtu aliyeumia kazini, deni hilo si letu. Ni la mwajiri.

Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 yasema hivyo. Chini ya kifungu cha 47, mwajiri ndiye alipaye gharama za haki zilizotokana na ajali ya kazini: matibabu, upasuaji, hospitali, dawa, usafiri, na vifaa ambavyo mgonjwa huvihitaji. Sheria hiyo hiyo yamtaka mwajiri awe na bima. Sheria haisemi kwamba lazima uwe na barua ya kazi ya kudumu. Kibarua aliyeajiriwa kwa ujira naye ni mfanyakazi.

Twatazamia mtu wa bima atasema kwamba bamba la jicho ni urembo. Mjibuni kwamba urembo ni kupaka wanja. Kuliinua jicho ili dereva aone lori moja mahali pa lori moja ni tiba, kama vile kuunga mguu ni tiba. Mwombeni daktari aandike katika barua yake maneno haya bila kuficha: sakafu ya tundu la jicho imevunjika, mgonjwa aona viwili, kipandikizi chahitajika ili arudi kazini. Barua ya namna hiyo ina nguvu kuliko maneno mia ya katibu.

Shikeni na tarehe. Mwajiri apewe habari ya ajali mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi, na maandishi ni bora. Naye atakiwa kumpelekea Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ripoti ndani ya siku 7 tangu kupata habari. Madai ya fidia yafikishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Mwenye kukaa nyumbani akiuguza jicho kwa siku 3 au zaidi ana haki ya kulipwa kwa muda huo, mpaka ukomo wa miezi 12. Akibaki na ulemavu wa kudumu, hesabu ya ulemavu kamili ni mshahara wa miezi 96, na ulemavu mdogo hulipwa kwa kadiri yake. Kwa hiyo asitie sahihi karatasi ya kumaliza madai wakati uso bado umevimba. Angoje jicho litulie, apimwe, ndipo hesabu ifanywe. Na wale ambao bado wafikiri kwenda moja kwa moja kortini wakumbuke kwamba tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya iliithibitisha sheria hii: njia huanza kwa Mkurugenzi, na asiyeridhika hukata rufaa katika mahakama ya kazi.

Ndugu zetu wa bodaboda wengi wao hawana mwajiri, basi sheria hii haiwafikii. Kwao twasema wajiandikishe katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoshika mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Asiyeajiriwa hulipa wa mwaka mzima. Twajua kulipa mwaka mzima kwa mara moja ni taabu kwa mtu alaye kwa siku. Chama kitaendelea kulisema. Lakini asiyejiandikisha hana hata mahali pa kulalamikia.

TUFANYE NINI

Tena tusisahau kwamba bamba lililo bora kuliko yote ni lile lisilohitajiwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na miwani ya kazi ni mojawapo. Miwani huzuia vipande vya jiwe na chuma. Mapigo mazito yahitaji ngao ya uso. Gurudumu la lori lijazwe upepo likiwa ndani ya kizimba cha chuma. Mpira wa kufungia mzigo uliochakaa utupwe, usifungwe fundo. Mwenye bodaboda avae helmeti yenye kioo cha mbele na kufunga mkanda wake, maana helmeti iliyotundikwa kwenye usukani huulinda usukani tu.

Basi twayataka matawi yote, kuanzia Taru, Samburu na Mackinnon Road mpaka Ukunda na Msambweni, yafanye mambo manne. Kwanza, kila tawi liwe na daftari la ajali, na kila pigo la uso liandikwe siku ile ile, pamoja na majina ya walioona. Pili, kila tawi lijue njia ya kumpeleka mtu aliyeumia: hospitali iliyo karibu kwanza, kisha barua ya rufaa kwenda Mombasa au Msambweni, kwa daktari wa macho na daktari wa uso na taya. Toka Taru hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 70, na gari la kumpeleka ni juu ya mwajiri. Tatu, katika mapatano yajayo na waajiri tutie neno moja wazi: skani na kipandikizi vilipwe upesi, na mabishano yafuate baadaye. Nne, mwanachama yeyote akiambiwa "jicho laona, rudi kazini," aje kwa katibu kabla ya kurudi.

Ndugu wanachama, mfupa huu ni mwembamba kama ganda la yai, na mtu mmoja peke yake mbele ya tajiri na bima naye si mnene kuliko huo. Daktari huweka bamba mahali ambapo mfupa umeshindwa. Sisi kwa sisi tuwe bamba hilo: tushike mahali ambapo mtu mmoja hawezi.

Umoja ni nguvu.